KOSA NI LA NANI? SOMO JUU YA KUIPIMA MIFUMO YA WANAFUNZI YA MTANDAONI

1. Utangulizi

Kazi nyingi ambazo zamani zilimlazimu mwanafunzi wa chuo kikuu kupanga foleni mbele ya dirisha la msajili, siku hizi hufanywa kwa njia ya mtandao. Kuomba nafasi ya masomo, kuomba mkopo, kupata namba ya malipo ya ada, kujiandikisha masomo ya muhula, kuomba chumba katika bweni na kutazama matokeo ya mitihani ni mambo ambayo vyuo vingi vya Afrika Mashariki vimeyahamishia katika mifumo ya kompyuta. Hapana shaka kwamba mabadiliko haya yameokoa karatasi nyingi na nauli nyingi. Lakini yameleta pia swali ambalo halikuwapo siku za foleni. Karani wa dirishani aliweza kumwona mwanafunzi aliyekosea akamwambia, "Rudi, hujasaini hapa." Mfumo haumwambii neno mwanafunzi ila lile ambalo waliouunda walikumbuka kuuagiza umwambie.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, aliyewasili kutoka mkoani majuma mawili yaliyopita, anafungua mfumo wa chuo chake kwa simu ya kiganjani ili ajiandikishe masomo. Anachagua masomo sita, moja baada ya jingine. Anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Orodha ya masomo yake inatokea kiooni, naye anaiweka simu mfukoni akiwa ametulia. Hajui kwamba chini kabisa ya ukurasa, mahali pasipoonekana katika kioo kidogo mpaka ukurasa uvutwe juu, kipo kitufe cha pili, cha kuwasilisha. Masomo yake yamehifadhiwa lakini hayakuwasilishwa. Mwisho wa muhula, orodha ya watahiniwa inapotolewa, jina lake halimo. Akienda ofisini huambiwa kwamba kosa ni lake, kwa kuwa hakufuata maelekezo.

Je, ni kweli kwamba kosa ni lake? Na lipo jambo ambalo chuo kingeweza kufanya ili kuligundua kosa hilo kabla halijamdhuru mtu? Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi wataalamu wanavyoyajibu maswali haya mawili, na kumwonyesha msomaji kwamba upimaji wa mifumo ya namna hii hauhitaji maabara wala fedha nyingi. Wahitaji wanafunzi wachache, saa, kalamu na karatasi, na zaidi ya yote wahitaji mpimaji aliye tayari kutazama na kunyamaza.

2. Asili ya taaluma hii

Taaluma tunayoizungumzia ina umri mkubwa kuliko kompyuta za mezani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani lilisumbuliwa na ajali za namna moja iliyojirudia. Marubani wa ndege za B-17, baada ya kutua salama, walikuwa wakikunja magurudumu ya ndege badala ya kukunja vibawa vya kupunguzia mwendo, na ndege ikalala tumbo juu ya ardhi. Ajali hizo zilihesabiwa kuwa uzembe wa rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipokwenda kutazama chumba cha rubani aliona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa zilikuwa zimepangwa bega kwa bega, nazo zilifanana kabisa. Dawa aliyoitoa ilikuwa nyepesi: kishikio cha magurudumu kiliwekewa umbo la gurudumu, na kile cha vibawa kikawekewa umbo la kabari, ili mkono wa rubani uweze kuvitofautisha hata gizani.

Mwaka 1947 Paul Fitts na Richard Jones walichapisha uchambuzi wa visa 460 vilivyokuwa vimeitwa makosa ya marubani katika kuendesha vyombo vya ndege. Walionyesha kwamba mengi ya makosa hayo yalikuwa na utaratibu: yalitokana na jinsi vyombo vilivyoundwa na kupangwa. Fundisho hilo ndilo msingi wa somo letu. Kosa linalofanywa na mtu mmoja mara moja laweza kuwa la mtu huyo. Kosa lile lile likifanywa na watu wengi mahali pale pale, hapana budi tukikague chombo.

Kompyuta zilipoanza kutumiwa na watu wasio mafundi, fundisho hili lilirudiwa. Mwaka 1985 John Gould na Clayton Lewis, watafiti wa kampuni ya IBM, walipendekeza kanuni tatu kwa waundaji wa mifumo: kuwajua watumiaji na kazi zao tangu mwanzo, kupima kwa majaribio ya kweli, na kurekebisha kisha kupima tena. Kanuni hizi ni rahisi kuzitaja lakini si rahisi kuzifuata, maana aliyeuunda mfumo anazijua njia zake zote, na humwia vigumu kumfikiria mtu asiyezijua. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

3. Maana ya ufaafu na ya tajiriba

Kabla ya kupima yafaa tujue tunachokipima. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango chake namba 9241 sehemu ya 11, kilichotolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018, linautazama ufaafu wa matumizi kwa sura tatu.

Sura ya kwanza ni kufikia lengo: je, mtumiaji ameikamilisha kazi aliyokusudia, na kwa usahihi? Sura ya pili ni gharama ya kulifikia: ametumia muda gani, hatua ngapi, na, katika mazingira yetu, fedha kiasi gani za kifurushi cha intaneti? Sura ya tatu ni kuridhika: baada ya kazi anauonaje mfumo? Kiwango hicho chasisitiza pia kwamba vipimo hivi havina maana mpaka tutaje ni watumiaji gani, kwa kazi gani na katika mazingira gani. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba mfumo fulani "unafaa." Laweza kuwa jambo la kweli kwamba unamfaa karani mwenye kompyuta ya mezani, na jambo la kweli vile vile kwamba haumfai mwanafunzi mwenye simu.

Tajiriba ya mtumiaji ni neno pana zaidi. Linajumlisha mawazo na hisia za mtu kuhusu mfumo, si wakati wa kuutumia tu bali hata kabla, anapoungoja. Mwanafunzi anayekesha usiku wa kutolewa matokeo kwa kuwa anajua mfumo utazidiwa na watu, tayari anayo tajiriba ya mfumo huo ingawa bado hajabonyeza kitufe hata kimoja. Tajiriba mbaya huwafukuza watu: wanafunzi huanza kumlipa mwenzao au mwenye duka la kompyuta awafanyie kazi zao, na katika kufanya hivyo humkabidhi mgeni nywila zao.

4. Ukaguzi kwa kufuata kanuni

Njia ya kwanza ya upimaji haihitaji wanafunzi. Ni ukaguzi unaofanywa na watu wachache wanaoupitia mfumo ukurasa kwa ukurasa, wakiulinganisha na orodha ya kanuni zinazokubaliwa. Njia hii ilielezwa na Jakob Nielsen na Rolf Molich mwaka 1990, na mwaka 1994 Nielsen alitoa orodha ya kanuni 10 ambayo yatumika hadi leo. Hatutazitaja zote. Tatu zatosha kuonyesha zinavyofanya kazi.

Kanuni moja yasema kwamba mfumo umjulishe mtumiaji daima mambo yamefikia wapi. Mfumo wa mfano wetu umeivunja: ulipaswa kuandika juu ya orodha, kwa maandishi makubwa, kwamba masomo haya bado hayajawasilishwa. Kanuni nyingine yasema kwamba mfumo utumie lugha ya watumiaji, si lugha ya waundaji. Kwa mwanahazina ya data, kuhifadhi na kuwasilisha ni matendo mawili yaliyo mbali kabisa. Kwa mwanafunzi, aliyekwisha kuhifadhi amekwisha kumaliza. Kanuni ya tatu ni kwamba taarifa ya kosa iseme kwa maneno ya kawaida ni nini kimeharibika na mtu afanye nini. Taarifa inayotaja namba ya kosa peke yake humwacha mwanafunzi pale pale alipo.

Ikumbukwe kwamba mkaguzi mmoja hatoshi. Katika majaribio manne ya Nielsen na Molich, mkaguzi mmoja mmoja aliweza kugundua baina ya asilimia 20 na 51 tu ya kasoro zilizokuwapo. Lakini wakaguzi hawakuona kasoro zile zile, na kwa hiyo orodha zao zilipounganishwa ziliokoa mengi. Ndiyo sababu walishauri wawepo wakaguzi watatu hadi watano, kila mmoja akague peke yake, kisha waunganishe.

5. Kuwatazama wanafunzi kazini

Ukaguzi hubashiri tu matatizo. Anayeyathibitisha ni mwanafunzi mwenyewe. Njia ya pili, ambayo ndiyo kiini cha somo hili, ni kumpa mwanafunzi kazi ya kweli, kumketisha na simu yake, na kumtazama akiifanya.

Mambo manne yaangaliwe. Kwanza, wachaguliwe wanafunzi wanaofanana na watakaoutumia mfumo. Wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wa mwaka wa tatu si kipimo cha wageni wa mwaka wa kwanza.

Pili, kazi itajwe kwa lengo lake wala si kwa majina ya vitufe. Tukimwambia mwanafunzi, "Fungua ukurasa wa usajili wa masomo, hifadhi, kisha wasilisha," tumekwisha kumpa majibu ya mtihani. Afadhali aambiwe, "Leo umefika chuoni. Hakikisha kwamba chuo kinajua utasoma masomo gani muhula huu."

Tatu, aombwe kusema kwa sauti kila analolifikiri: anatafuta nini, anatarajia nini, kwa nini amesita. Mbinu hii ya kufikiri kwa sauti ilichukuliwa kutoka katika saikolojia, na Clayton Lewis aliieleza kwa ajili ya mifumo ya kompyuta mwaka 1982. Kwa kuwa kijana anaweza kuona aibu kukosea mbele ya mtu mzima, aelezwe waziwazi kabla ya kuanza kwamba unaojaribiwa ni mfumo, wala si yeye, na kwamba kila anapokwama anatusaidia.

Nne, mpimaji anyamaze. Hili ndilo gumu kuliko yote. Mwanafunzi anapozunguka katika kurasa akitafuta kitufe kilicho mbele yake, mwalimu mwenye huruma hutamani kumwonyesha kwa kidole. Akifanya hivyo jaribio limeharibika, kwa maana usiku, katika bweni, kidole hicho hakitakuwapo.

Wangapi watazamwe? Mwaka 1993 Nielsen na Thomas Landauer walitoa hesabu ifuatayo. Ikiwa mtumiaji mmoja hufichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, basi asilimia 69 hubaki zimejificha. Wa pili huacha asilimia 69 ya hizo zilizobaki, yaani 0.69 mara 0.69, ambayo ni kama 0.48. Tukiendelea hivyo hadi mtumiaji wa tano twapata 0.16. Maana yake ni kwamba watu 5 wamefichua kama asilimia 84 ya kasoro. Kwa sababu hiyo Nielsen alishauri kwamba badala ya kuwatazama watu 15 kwa mkupuo mmoja, ni bora kuwatazama 5, kurekebisha, kuwatazama 5 wengine, kurekebisha, na kuwatazama 5 tena.

Hata hivyo namba hii isichukuliwe kama sheria. Laura Faulkner, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2003, alikuwa na watumiaji 60, akachukua makundi ya watu 5 kwa kubahatisha. Yako makundi yaliyogundua asilimia 99 ya kasoro, na yako yaliyogundua asilimia 55 tu. Watu watano wanatosha kuanzia kazi, lakini hawatoshi kutangaza kwamba mfumo hauna kasoro.

6. Kuyasoma matokeo

Tuseme kwamba tumewatazama wanafunzi 5 katika mfumo wa mfano wetu. Namba zifuatazo ni za kufundishia.

Kazi ya 1, kupata namba ya malipo ya ada: waliofaulu 5, walioamini kwamba wamefaulu 5.
Kazi ya 2, kujiandikisha masomo: waliofaulu 2, walioamini kwamba wamefaulu 4.
Kazi ya 3, kutazama matokeo: waliofaulu 4, walioamini kwamba wamefaulu 4.

Msomaji atazame kazi ya 2. Mwanafunzi mmoja alishindwa na akajua kwamba ameshindwa. Huyo ana tabu, lakini ana nusura: kesho atakwenda ofisini kuuliza. Wawili wengine walishindwa huku wakiamini kwamba wamemaliza. Hao hawatamuuliza mtu yeyote. Tofauti hii baina ya waliofaulu na walioamini kwamba wamefaulu ndiyo namba ya hatari kuliko zote katika mfumo wa wanafunzi, kwa kuwa kosa lisilojulikana halirekebishwi mpaka muda umekwisha. Ndiyo maana katika kila kazi mpimaji asiache kuuliza, "Je, umemaliza? Umejuaje?"

Kuhusu muda, ipo hadhari moja ya kihesabu. Tuseme kwamba katika kazi ya 1 wanafunzi walitumia dakika 3, 4, 4, 5 na 19. Wastani ni dakika 7, lakini hakuna hata mmoja aliyetumia muda unaokaribia dakika 7. Aliyekwama ameuvuta wastani wote. Afadhali kutumia namba ya katikati, yaani namba iliyo katikati ya orodha ikipangwa kutoka ndogo hadi kubwa, ambayo hapa ni dakika 4. Kisha aliyetumia dakika 19 achunguzwe peke yake, maana huenda ndiye mwenye habari kubwa kuliko wote.

Baada ya hapo chuo chaweza kuuliza tatizo lina ukubwa gani, na jibu limo ndani ya mfumo wenyewe. Mtunza hazina ya data ana uwezo wa kuhesabu ni wanafunzi wangapi wamehifadhi masomo bila kuyawasilisha. Hesabu hiyo haiwezi kueleza sababu, na wanafunzi watano waliotazamwa hawawezi kueleza ukubwa. Kila kimoja hukamilisha kingine.

7. Kuuliza kwa dodoso

Vyuo vingi hupenda kuanzia hapa, yaani kuwapa wanafunzi dodoso. Sisi tumeliweka mwisho kwa makusudi. Wale wanafunzi wawili wa kazi ya 2, walioondoka wakiamini kwamba wamejiandikisha, wangeusifu mfumo katika dodoso lolote. Kuridhika ni sura moja tu kati ya tatu.

Hata hivyo dodoso likitumiwa pamoja na kutazama lina faida. Linalotumiwa sana duniani ni lile lililotungwa na John Brooke nchini Uingereza mwaka 1986 na kuchapishwa mwaka 1996. Lina kauli 10, na kila kauli hujibiwa kwa namba kuanzia 1, maana yake sikubali kabisa, hadi 5, maana yake nakubali kabisa. Kauli za namba witiri husifu mfumo, kwa mfano kwamba ni rahisi kuutumia. Kauli za namba shufwa huulaumu, kwa mfano kwamba una utata usio wa lazima.

Alama huhesabiwa hivi. Kwa kila kauli ya witiri, toa 1 katika jibu. Kwa kila kauli ya shufwa, toa jibu katika 5. Jumlisha zote 10, kisha zidisha kwa 2.5. Tuseme mwanafunzi amejibu, kwa mfuatano, 4, 2, 3, 4, 3, 3, 4, 4, 2, 3. Kauli za witiri zatoa 3, 2, 2, 3 na 1, jumla 11. Kauli za shufwa zatoa 3, 1, 2, 1 na 2, jumla 9. Jumla yote ni 20, na mara 2.5 ni alama 50.

Alama hizi huanzia 0 hadi 100, lakini si asilimia. Wastani wa mifumo mingi iliyokwisha kupimwa duniani ni kama 68. Hivyo alama 50 si "nusu nzuri". Ni dalili kwamba mfumo uko chini ya mifumo ya kawaida.

Lugha ya dodoso nayo iangaliwe. Kraig Finstad alionyesha mwaka 2006 kwamba neno moja la Kiingereza katika kauli ya nane liliwatatiza watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, akapendekeza neno jepesi zaidi. Anayelitafsiri dodoso kwa Kiswahili naye awe mwangalifu na kauli za kukanusha. Mtu anapotakiwa "kutokubali" kwamba jambo "haliko hivyo," akili huzunguka mara mbili na jibu huweza kugeuka. Kwa hiyo kila jibu la kushangaza lihakikiwe kwa kumuuliza mwenyewe alikusudia nini.

8. Mambo yahusuyo mazingira yetu

Mifumo mingi huundwa katika ofisi zenye kompyuta za mezani na mtandao wa kasi. Wanafunzi wengi hufika kwa simu na kwa kifurushi walichokinunua kwa fedha zao. Hesabu ndogo itaonyesha tofauti. Ukurasa wenye uzito wa megabaiti 3 una megabiti 24, kwa kuwa kila baiti ni biti 8. Mtandao wenye kasi ya megabiti 1 kwa sekunde utauleta kwa sekunde 24. Kufuatana na kazi za Robert Miller za mwaka 1968, na baadaye za Nielsen, jibu linalokuja katika sehemu ya kumi ya sekunde huonekana kuwa la papo hapo. Likifika sekunde 1 mtu bado hajapotewa na mawazo. Likizidi sekunde 10 anaanza kufikiria mambo mengine, au anabonyeza tena. Mwanafunzi anayebonyeza kitufe cha malipo mara mbili kwa kudhani kwamba mara ya kwanza hakikusikia, si mpumbavu. Amekaa sekunde 24 bila kujibiwa. Picha kubwa ya jengo la utawala iliyowekwa katika ukurasa wa kuingilia huenda ikapendeza, lakini mwanafunzi anailipia kila anapoingia.

Tusiwasahau wanafunzi wenye ulemavu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ilipitishwa mwaka 2010, na nchini Kenya sheria ya namna hiyo ilipitishwa mwaka 2003. Miongozo ya kimataifa kuhusu kurasa za mtandao, ambayo toleo lake la 2.2 lilitolewa mwaka 2023, yataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kila picha yenye maana iwe na maelezo ya maneno yanayoweza kusomwa na programu ya sauti. Mwanafunzi asiyeona akikikuta kitufe ambacho ni picha tupu, amekuta ukuta. Kwa hiyo awemo katika wale wanaotazamwa.

Mwisho, mpimaji azilinde siri. Matokeo na deni la ada la mwanafunzi si mambo ya kutazamwa na jopo. Jaribio lifanywe kwa akaunti ya kubuni, na kwa idhini ya mhusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Hata kama zisingalikuwapo, adabu ingedai hivyo hivyo.

9. Hitimisho

Tumeona kwamba ufaafu wa mfumo hupimwa kwa kukagua, kwa kutazama, kwa kuhesabu na kwa kuuliza, na kwamba kutazama ndiko kunakofichua yale ambayo mwanafunzi mwenyewe hayajui. Turudi sasa kwa mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza. Laiti chuo chake kingeketi na wanafunzi watano kwa siku moja, majuma machache kabla ya msimu wa usajili, kitufe cha pili kingalionekana siku hiyo hiyo. Dawa yake haikuwa semina wala tangazo la onyo. Ilikuwa kuviunganisha vitufe viwili kuwa kimoja, au kuandika sentensi moja juu ya orodha.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Ofisi inayowalaumu wanafunzi kila mwaka kwa kosa lile lile, imekwisha kupewa matokeo ya utafiti bila gharama. Kilichobaki ni kuyasoma.

Zoezi

1. Wanafunzi 5 walitumia dakika 6, 7, 7, 9 na 31 kuomba chumba bwenini. Tafuta wastani na namba ya katikati. Ipi inafaa zaidi, na kwa nini?

2. Ukurasa wa megabaiti 5 utachukua muda gani kufika kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde?

3. Mwanafunzi mvivu amejibu 5 katika kauli zote 10 za dodoso. Alama yake ni ngapi? Na angejibu 1 katika zote?

4. Chagua kazi moja katika mfumo unaoutumia. Iandike kwa lengo lake, pasipo kutaja jina la kitufe chochote, kisha mtazame mwenzako mmoja akiifanya. Andika kila mahali ulipotamani kumsaidia.

Majibu: (1) Wastani ni dakika 12 na namba ya katikati ni 7, ya katikati yafaa zaidi, kwa kuwa mmoja aliyekwama ameuvuta wastani. (2) Sekunde 20. (3) Alama 50 katika hali zote mbili, kwa kuwa kauli za kusifu na za kulaumu zimepangwa kwa zamu; hivyo anayejibu bila kusoma haupandishi wala haushushi mfumo hadi mwisho wa kipimo. (4) Orodha uliyoiandika ndiyo mwanzo wa ripoti yako.